Pembe inapogoma: matatizo ya kuzungusha mchoro katika FreeCAD

Kuzungusha mchoro ili upate gimba (umbo lenye ujazo) ni kazi ya fundi anayekereza mguu wa kitanda, ila imegeuzwa. Yeye anaanza na gogo na kupunguza. Wewe unaanza na umbo la nusu na kulizungusha kwenye mhimili hadi lijaze nafasi. Vitu vinavyohitajika ni vitatu: mchoro, mhimili na pembe. Kwa kuwa pembe huandikwa mwisho, ndiyo inayolaumiwa kwanza. Wanafunzi ninaowasaidia huja na lalamiko lilelile, "pembe imekataa", na mara nyingi nikifungua faili nakuta pembe haina hatia. Hata hivyo yapo makosa ambayo kweli ni ya pembe, na karibu yote yanazunguka namba moja: 360.

Nafuata FreeCAD, programu ya kuchora magimba kwenye kompyuta, upande wa Part Design, kwa sababu ni ya bure na ndiyo ninayoifungua kila siku. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini: "Revolution" ni ile inayoongeza gimba, "Groove" ni ile inayochimba. Programu nyingine zikitofautiana nitasema.

Anza na nyuzi 90

Hifadhi kwanza nakala ya faili kwa jina jingine. Kisha futa pembe yako na uandike 90. Ni robo ya mzunguko, haikaribii mpaka wowote, na inakuonyesha umbo kwa ndani kama papai lililopasuliwa.

Likikataa hata kwa 90, achana na pembe. Nenda kwenye mchoro na mhimili. Likikubali kwa 90 na kukataa kwa 360, umbo linajigusa mahali. Likikubali kwa 360 na kukataa kwa 90, angalia gimba lililokuwepo kabla. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na limeniokoa na saa nyingi za kubahatisha.

Dalili: hakuna gimba, hata kwa 90

Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali.

Sababu ya kwanza ni mchoro ambao haujafungika. Skrini inaandika "Wire is not closed" au ujumbe wa namna hiyo. Ukitazama kwa mbali kona zote zimekutana. Ukikuza unakuta nukta mbili zilizokaa jirani bila kushikana. Toka kwenye kuhariri mchoro, uuchague kwenye orodha ya kushoto, kisha tumia "Validate sketch". Itatafuta nukta zilizopaswa kuungana na kukuonyesha zilipo. Usikimbilie kubonyeza kitufe cha kurekebisha zote kwa pamoja. Tazama kwanza ni nukta zipi, kwa sababu kuna wakati nukta mbili zimekaribiana kwa makusudi, na zikiunganishwa utapoteza mwanya uliokuwa unautaka.

Sababu ya pili ni mchoro unaovuka mhimili, na ujumbe wake ni "Revolve axis intersects the sketch". Hapa nikae kidogo. Chukua glasi ya kawaida. Unachora nusu yake upande wa kulia wa mhimili wa wima: kitako, ukuta, mdomo. Kitako hakina tundu katikati, kwa hiyo mstari wake unapaswa kuishia juu ya mhimili wenyewe. Wengi huburuta nukta ile kwa kipanya, wakiona imefika wanaachia. Niliwahi kufungua faili ya namna hiyo nikakuta nukta ya kitako iko kwenye milimita -0.02. Mbili ya mia ya milimita upande wa kushoto! Jicho haliwezi kuona, lakini programu inaona umbo lenye sehemu kila upande wa mhimili, na sehemu hizo zikizungushwa zitapita mahali palepale mara mbili. Dawa si kuisogeza nukta tena kwa mkono. Ichague nukta pamoja na mhimili, weka sharti (kanuni inayoibana nukta isihame) la kuwa juu ya mstari, na imekwisha. Mstari mzima ukilala juu ya mhimili hakuna shida. Kinachokatazwa ni kuvuka.

Kosa hilihili lipo kwenye OpenSCAD, programu ya kuunda magimba kwa kuandika amri, ambako amri ya rotate_extrude inadai nukta zote ziwe upande mmoja. Kwa hiyo usidhani FreeCAD ndiyo yenye ubishi.

Sababu ya tatu ni mhimili uliosimama wima juu ya bapa la mchoro, yaani uso tambarare unaochorea. Umechora kwenye bapa la XZ, halafu kwenye orodha ya mihimili ukachagua Y. Mchoro utazunguka ndani ya bapa lake lenyewe, kama sahani juu ya meza, na hautazaa ujazo wowote, hata ukiandika pembe gani. Kwa bapa la XZ chagua X au Z. Njia salama zaidi ni kuchagua mhimili wa wima au wa mlalo wa mchoro wenyewe, kwa sababu hiyo haiwezi kutoka nje ya bapa.

Sababu ya nne hutokea kwa nadra: mistari miwili imelala mmoja juu ya mwingine, au mchoro unajikata wenyewe. Chagua mistari mmoja mmoja na uifute. Ukifuta mmoja na mwingine ukabaki palepale, umempata mwizi.

Ikiwa umepitia yote manne na bado hakuna gimba, usiendelee kuweka viraka. Chora upya. Mchoro wa nusu umbo mara nyingi una mistari kumi au kumi na tano. Kuuchora upya ukiwa na masharti sahihi ni haraka kuliko kutafuta kosa kwenye mchoro uliokwisha kuchezewa.

Dalili: pembe haizidi 360

Ujumbe ni "Angle of revolution too large", au namba inarudi 360 yenyewe bila kusema kitu.

Sababu ya kawaida ni hesabu. Pembe imeunganishwa na jedwali au fomula, na fomula imevuka. Mtu ana sehemu 8 za duara, anaandika 360/8 mara namba ya sehemu, halafu namba ile inafika 9: hapo ni 405. Fungua fomula, soma jibu lake, si maandishi yake. Ukitaka fomula isivuke kamwe, tumia kazi ya min ili jibu lisizidi 360.

Sababu ya pili ni kutaka kitu ambacho kuzungusha hakiwezi kukupa. Baada ya mzunguko mmoja kamili mchoro umerudi pale ulipoanzia. Mzunguko wa pili utapita ndani ya gimba lilelile, na gimba haliwezi kukaa mahali pamoja mara mbili. Anayeandika 720 kwa kawaida anataka springi, au hesi ya skrubu. Hiyo ni kazi ya "Additive helix", iliyoingia FreeCAD toleo la 0.19. Humo utaweka hatua kati ya mzunguko na mzunguko, na idadi ya mizunguko upendayo. Angalizo moja: ndani ya zana hiyo pia kuna kisanduku cha pembe, na si pembe ya kuzunguka. Ni pembe ya koni, inayofanya springi ipanuke au isinyae kadiri inavyopanda. Ukiandika 360 pale utalia.

Sababu ya tatu ni pembe mbili, moja kila upande wa mchoro. Kila moja inaonekana halali, 200 na 200, lakini jumla ni 400. Katika programu yoyote, jumla ya pande mbili haina njia ya kuzidi mzunguko mmoja.

Dalili: umbo limekwenda upande wa nyuma

Part Design haipokei alama ya kutoa kwenye pembe. Usipigane nayo, weka tiki kwenye "Reversed".

Ikiwa pembe ni sahihi lakini umbo limegawanyika nusu huku na nusu kule, tiki ya kusawazisha kwenye bapa imewashwa: 90 imekuwa 45 upande huu na 45 upande ule. Pembe huanza kuhesabiwa kwenye bapa la mchoro, si kwenye X wala kwenye upande unaotazama wewe. Anayelisahau hili hurekebisha pembe mara tano, kumbe angebadilisha bapa mara moja.

Ukitumia benchi (seti ya zana) la Part badala ya Part Design, zana yake ya "Revolve" inapokea kuanzia -360 hadi 360. Ina vituko viwili. Usipoweka tiki ya "Create Solid" utapata ganda tupu lisilo na nyama ndani. Na ukiandika sifuri huku mhimili wako ni tao la duara, itachukua pembe ya tao lile kama ndiyo pembe yako. OpenSCAD nayo inapokea namba hasi, na kigezo cha pembe kimo tangu toleo la 2019.05.

Dalili: kipande chembamba kama ukucha

Uliandika 1.57 ukitegemea robo ya mzunguko. Kwa radiani ni kweli, lakini kisanduku kinasoma nyuzi. Kwenye puli yenye nusu kipenyo cha milimita 40, nyuzi 1.57 zinakupa kipande chenye unene wa milimita 1.1 tu kwenye ukingo wa nje. Andika 90, au andika 1.5708 rad pamoja na kipimo chake, FreeCAD itageuza yenyewe.

Wanaoandika skripti za Python ndio hunaswa zaidi, kwa sababu moduli ya math inafanya kazi kwa radiani, ilhali amri ya revolve ya maumbo ya FreeCAD inataka nyuzi. Badilisha kwa math.degrees kabla ya kuipa.

Dalili: 360 inakubali, 90 inakataa

Hii huwachanganya watu, maana mantiki inasema kidogo ni rahisi kuliko kingi.

Mara nyingi ujumbe unalalamikia magimba zaidi ya moja. Mfano: una bomba, na unataka kulizungushia mkanda unaoshikana na mguu uliopo upande wa nyuma. Kwa 360 mkanda unafika mguuni na kuungana nao. Kwa 90 unaishia hewani kabla ya kufika, na sasa Body, yaani kasha linalobeba gimba lako lote, ina vipande viwili visivyogusana. Matoleo ya 0.21 na ya nyuma yanakataa hilo moja kwa moja, kuanzia 1.0, lililotoka Novemba 2024, unaweza kuruhusu kwa "Allow Compound" katika sifa za Body. Binafsi siiwashi ili tu kunyamazisha ujumbe. Ikiwa kitu ni kimoja mkononi, kinapaswa kuwa kimoja kwenye skrini pia. Geuza bapa la kuanzia au ongeza pembe hadi mkanda uguse.

Kwa "Groove" dalili hujificha zaidi: hakuna kosa, lakini hakuna kilichochimbwa. Pembe yako inazunguka hewani, upande ambao gimba halipo. Weka "Reversed" kabla ya kufikiria jambo jingine.

Dalili: 90 inakubali, 360 inakataa au gimba linatoka bovu

Mchoro unagusa mhimili kwa nukta moja tu. Mfano ulio wazi ni duara zima lililochorwa likabusu mhimili: ukilizungusha mzunguko kamili unapata kiandazi cha donati ambacho tundu lake limeziba kwa nukta isiyo na unene. Hakuna mashine wala printa ya 3D inayoweza kutengeneza nukta isiyo na unene. Amua: ama duara lirudi nyuma kidogo, hata nusu milimita, pawe na tundu halisi, ama likatwe na mhimili na kubaki na mstari ulionyooka juu yake.

Sababu nyingine, adimu, ni gimba la zamani ambalo uso wake unalingana kabisa na uso mpya. Nyuso mbili zilizolala pamoja bila kupishana hata kidogo huisumbua hesabu ya kuunganisha. Ingiza mchoro mpya ndani ya gimba la zamani kwa nusu milimita ili zipishane.

Baada ya marekebisho, nenda benchi la Part na utumie "Check geometry". Ikikuonyesha makosa, usiendelee kuongeza matundu na kona za mviringo juu yake. Kila kitu utakachojenga hapo kitarithi ubovu huo.

Dalili: mwanya mwembamba kama unywele

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu husababishwa na ushauri mbaya. 360 inakataa, mtu anaambiwa "weka 359.9 itapita". Inapita kweli, na ndipo tatizo linapoanza.

360 si 359.9 iliyoongezwa kidogo. Ni umbo la aina nyingine. Zungusha mstatili usiogusa mhimili kwa nyuzi 90: unapata nyuso sita, nne za pembeni na mbili bapa za mwanzo na mwisho. Nenda 200, nenda 359.9, bado ni sita. Fika 360 na zile mbili zinatoweka, zinabaki nne. Anayeacha kwenye 359.9 amebaki na nyuso mbili zinazotazamana kwa karibu sana, na kati yake kuna hewa.

Hewa kiasi gani? Kwa nusu kipenyo cha milimita 40, upungufu wa nyuzi 0.1 unaacha mwanya wa milimita 0.07. Kwenye skrini hauonekani. Kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 500 mwanya ni karibu milimita 0.9, kucha inaingia. Ukiweka 359 kwenye puli ile ndogo ni milimita 0.7, na printa ya pua ya milimita 0.4 itakuchapia puli iliyopasuka. Itavunjika hapohapo siku utakayokaza mkanda.

Kagua: bonyeza gimba, tafuta nyuso mbili bapa zinazoelekea mhimilini. Zikiwepo, hujafunga mzunguko. Usichanganye na mstari mmoja unaoonekana ukipita ubavuni mwa gimba la 360. Huo ni mshono wa hesabu tu, hauna mwanya. Kama pembe inatoka kwenye fomula iliyojaa desimali, andika 360 kwa mkono. Na kama 360 ilikataa, rudi kwenye sehemu iliyotangulia ukatibu sababu yenyewe.

Dalili: nilibadilisha pembe, vilivyofuata vyote vimeharibika

Umeielewa hesabu ya nyuso nne na sita, basi hili unalijua tayari. Matundu na kona ulizoweka baadaye zilishikilia nyuso kwa namba. Ukishuka kutoka 360 hadi 180, nyuso mbili zimezaliwa na namba zimepangwa upya. Tundu lililokuwa juu ya kitako sasa liko ubavuni. Toleo la 1.0 limepunguza sana ugonjwa huu, lakini halijaumaliza.

Rudisha pembe ya zamani kwanza, uone kama kila kitu kinarudi. Kikirudi, hamisha michoro iliyofuata: iondoe kwenye nyuso za gimba na uishikize kwenye mabapa ya asili ya Body. Kisha badilisha pembe. Kona za mviringo ziache ziwe za mwisho kabisa kwenye mti, ile orodha ya kushoto.

Isiporudi, tumia ile nakala uliyohifadhi mwanzo. Kama hukuhifadhi, angalia kwenye folda ileile: FreeCAD huacha nakala ya akiba yenye kiishio cha FCBak, au FCStd1 kwa mipangilio ya zamani. Ibadilishe jina iwe FCStd na uifungue.

Mahali pa kusimama na kumwita mwenye kazi yake

Programu inakagua kama umbo linafungika. Haikagui kama litahimili. Puli ya mashine yenye kasi, kitu chochote cha breki, mtungi wa gesi au wa mvuke, tufe la kukaa chini ya shinikizo: hata kama "Check geometry" haikuonyesha kosa, usikipeleke kutengenezwa kabla mhandisi wa mitambo hajapitia vipimo, malighafi na unene. Usichapishe mfano wa plastiki wa vitu hivyo ukaujaribu kwenye mashine halisi "kuona tu".

Zungumza na fundi wa mashine ya kukereza kabla hujamaliza mchoro, hasa kama pembe yako ni pungufu ya 360. Mashine ile inazungusha kitu kizima. Haina namna ya kukereza nyuzi 270. Atakereza duara kamili, kisha akate robo kwa mashine nyingine, na hiyo ni kazi mbili na bei mbili. Kuna mafundi watakaokuonyesha kwamba ile robo haikuwa na haja ya kukatwa. Mpelekee faili ya STEP, si STL, maana STL imegeuza mviringo kuwa vipande bapa vidogovidogo.

Ukiomba msaada wa faili yenyewe, tuma faili nzima na si picha ya skrini, pamoja na pembe uliyoitaka, pembe uliyoipata, na maelezo ya toleo lako, ambayo utayapata kwenye menyu ya Help, dirisha la About, kitufe cha kunakili.